Salamu Zilizoziba Njia

Mwaka niliotimiza miaka ishirini na mitatu nilikaribia kumuua mtu kwa salamu. Sitii chumvi, na waliokuwapo wanajua. Jambo hilo nilikuwa nimelikalia kimya miaka mingi, mpaka mwezi uliopita tulipomzika Abu hapa Malindi. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa wanawake ndani, chumba kimejaa, mikeka imetandikwa mpaka mlangoni, kahawa na tende zinazunguka. Binti mmoja, mpwa wa marehemu, akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia, "Hivi mjomba na yale mawaya yake yote alikuwa akisema na nani? Simu si alikuwa nayo mfukoni?" Wenzake wakacheka kwa kujizuia. Mjane, Bi Mariamu, hakukasirika. Akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Muulizeni Zuhura huyo. Msemaji alikuwa yeye. Mume wangu kazi yake ilikuwa kusikiliza." Wakanigeukia wote. Nami, ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nilipozaliwa, nikajikuta nalia mbele ya watoto wa watu, kikombe mkononi. Nikawaeleza kwa mkato. Hapa nataka kueleza yote, maana nina shukrani nyingi kwa mtu yule ambazo sikumwambia alipokuwa hai.

Abu nilimkuta kazini. Mie nilikuwa mpokeaji simu katika hoteli moja ya ufuoni, enzi zile ambapo mgeni akitaka kupiga simu kwao ni lazima apitie kwangu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mapokezi, chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mlikuwa na ubao wa simu, kiti kimoja cha chuma, feni iliyopuliza upande mmoja tu, na kidirisha kilichotazama ujia wa jikoni, kwa hivyo nilijua wageni watakula nini kabla ya wao wenyewe kujua. Wapishi walinipitishia samaki wa kupaka kwenye kisahani, nami nikawarudishia habari, kwani mtu anayeunganisha simu za watu hakosi habari. Abu alikuwa fundi wa umeme hapo hapo. Kwao Pate, umri wake arubaini hivi, mrefu, mkavu, na mchoyo wa maneno kupita kiasi. Ukimsalimu asubuhi unajiona umemsumbua. Mie sijui salamu ya nusu: nitauliza nyumbani, nitauliza watoto, nitauliza na ule mguu uliokuwa ukiuma wiki iliyopita. Yeye hujibu "Wote wazima" kabla sijafika kwa watoto. Nilimwona hana adabu, na nilimwambia hivyo usoni. Akasema, "Labda," akaendelea kufunga soketi.

Siku moja alisimama mlangoni, bisibisi mkononi, akanisikiliza nikitaja jina la mgeni herufi moja moja kwenye laini mbovu ya Nairobi. Nilipomaliza akaniambia, "Sauti yako inapenya. Kuna watu wanakutana hewani kila siku saa kumi. Njoo uwasikie." Nikamuuliza watu gani. Akafikiri kidogo. "Watu tu. Mmoja mwalimu mstaafu wa Bofa, mmoja ana duka la vipuri Mariakani, mmoja analima Tezo. Wanapenda redio." Nikadhani ananichezea. Lakini jioni ile aliniketisha chumbani kwake mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, kwenye yale mawaya, na Bi Mariamu akaleta mkate wa sinia na kahawa ya tangawizi, na kutoka ndani ya kisanduku kidogo nikamsikia mtu wa Mariakani akisema malori yamekwama barabarani na mvua inanyesha pale aliposimama, wazi kabisa, kana kwamba yuko uani. Nikakosa usingizi kwa furaha. Miezi michache baadaye nilikuwa nimesoma vitabu vyake vyote, nimefanya mtihani wa serikali, na nina kibali chenye jina langu. Meneja wa hoteli akaniruhusu kuweka antena juu ya paa na redio pembeni ya ubao wa simu, mradi kazi isisimame.

Kwa asiyejua, niseme jinsi tulivyosikilizana. Redio ya mkono peke yake haifiki mbali. Ukiwa bondeni, au nyuma ya minazi na majumba, sauti yako inakufa karibu. Kwa hivyo wapenzi wa redio huweka mtambo mmoja mahali pa juu, wanauita ripita, na kazi yake ni kusikia sauti dhaifu na kuirudia kwa nguvu, papo hapo, kwa wote. Wetu ulikuwa juu ya kilima cha Mangea, ndani ya sanduku la bati chini ya mlingoti, na ulikuwa wetu sote. Wa Mariakani alitoa betri ya lori. Wa Tezo alitengeneza sanduku na mlingoti. Sahani ya sola ilitoka kwa mwalimu wa Bofa, tena baada ya ubishi mrefu nilioushuhudia kwa masikio yangu. Yule mwalimu alikuwa na uwezo, akawa anasema afadhali kila mtu anunue redio kubwa yake mwenyewe, aachane na mambo ya kupanda mlima na betri. Abu alimwacha aseme mpaka mkate wa sinia ukaisha. Kisha akamwambia, "Redio yako kubwa itakufikisha wewe, mwalimu. Sanduku la Mangea linamfikisha yule mwenye kiredio kidogo, na mwenye shida mara nyingi ndiye huyo." Mwalimu akamaliza kahawa yake, na wiki iliyofuata akaleta sola.

Nilipanda Mangea mara moja mwaka ule, na mpaka leo magoti yananikumbusha. Betri ilibebwa kwa mti na watu wawili, wakibadilishana mabega, na mie nikabeba maji, chapati na waya wa shaba. Sandukuni tulikuta nyuki wameshahamia, ikabidi wa Tezo awafukize kwa moshi nusu saa nzima, naye Abu akingoja akiwa amejifunika kanga ya Bi Mariamu kichwani, jambo nililomtania nalo mwaka mzima. Nyuki walipoondoka alinionyesha mtambo ndani, na ndipo aliponipa somo ambalo nililiitikia kwa kichwa na sikulifuata. Alisema ripita inapitisha mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Wawili wakisema pamoja, mwenye nguvu anamfunika mdhaifu, na mdhaifu anasikika kama mkwaruzo. "Kwa hivyo mwenzako akimaliza, usidakie. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo ubonyeze. Hapo katikati ndipo mwenye haja anapoingia." Tena, akasema, ameufungia mtambo saa yake: ukisikia maneno dakika tatu mfululizo bila mwanya, unajifunga na kupumzika dakika kumi, usije ukamaliza betri. Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli. Lakini niambieni, mtu wa pwani atafanyaje hivyo? Mtu akikwambia "Habari za nyumbani?" nawe ukae kimya ukihesabu mpaka tatu, atajua una kinyongo naye. Kwetu salamu hujibiwa ikiwa bado moto, na jibu lenyewe lina swali ndani, na swali lile halingoji. Kila siku saa kumi tulikuwa tunadakiana hewani kwa raha zetu, na Abu kila siku akiingia na maneno mawili, "Acheni nafasi," nasi tukimwitikia kwa pamoja, "Sawa, Bwana Abu," tukimfunika hata yeye.

Kisha mvua ikaja. Waliokuwapo wanaikumbuka mvua ile, ilivyoanza na kukataa kuondoka. Mto Sabaki ulijaa mpaka ukala barabara upande wa daraja, nguzo za simu zikalala majini, na ng'ambo ya pili wakabaki kama watu wa nchi nyingine. Huko ng'ambo palikuwa na zahanati ndogo na muuguzi wake mmoja, Dama, Mgiriama wa kule kule, msichana wa umri wangu, mcheshi, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Kabla njia haijakatika kabisa Abu alimkabidhi kiredio cha mkono, akapata idhini za kila anayehusika, na Dama akaletwa hotelini kwangu nimfundishe kukitumia. Tulikula pamoja kwenye benchi la ujia wa jikoni, wali na kunde, akinisimulia jinsi anavyozalisha wanawake kwa taa ya kandili huku paa linavuja. Alikuwa akikishika kile kiredio kama mtu aliyepewa yai. Akaniuliza, "Nikiita, mtaitika kweli?" Nikamwambia, "Wee Dama, mie hapa naitika hata nisipoitwa." Akacheka. Abu alikuwa akipita na ngazi yake begani, hakucheka.

Siku ya Idi ya mwaka ule mvua ilipumzika asubuhi. Mie nilikuwa zamu, kwani hoteli haifungwi kwa sikukuu ya mtu, lakini nilivaa dera langu jipya, nimechorwa piko mikononi, na jikoni walikuwa wametupikia sisi wafanyakazi: tambi za sukari, mahamri, na biriani iliyokuwa ikiendelea kuiva. Saa nne hivi nikawasha redio kuwapa wenzangu mkono wa Idi. Mbona walikuwa wote! Wa Mariakani, ambaye ni Mkristo, alikuwa wa kwanza. Wa Tezo na mkewe. Mwalimu wa Bofa na wajukuu wake, kila mjukuu akitaka kusema mwenyewe. Tukasalimiana kama watu waliokutana mlangoni baada ya swala, huyu hajamaliza yule ameshaingia, na saumu ilikuwaje, na mama anaendeleaje, na mvua huko je. Katikati ya maneno nikawa nasikia mkwaruzo. Unakuja, unapotea, unarudi. Nikasema hewani, "Jamani, nani huyo anakaanga samaki?" Wakaangua kicheko, na mwenzetu mmoja akajibu juu ya kicheko, na mwingine juu yake. Ripita ikajifunga. Tukangoja dakika kumi; nikaenda dirishani nikaletewa tambi, nikala. Ilipofunguka tukaanza tena, mbio mbio zaidi, ili tuwahi kumaliza kabla haijajifunga. Mkwaruzo ukarudi mara mbili. Ikajifunga tena. Nikanyoosha sahani nikaomba mahamri.

Nilikuwa nimetia hamri kinywani Abu alipoingia. Alikuja kwa baiskeli kutoka Shela na kanzu yake ya Idi, nyeupe juu, na kuanzia magotini matope matupu. Sikuwahi kumwona akihema. Hakunisalimu. Alisogeza kiti changu nikiwa nimekaa juu yake, akazungusha kitufe cha redio na kusema, "Dama anaita tangu saa nne na dakika kumi. Mmemkalia." Yeye alikuwa na tabia ya kusikiliza redio upande wa kuingilia, yaani zile sauti dhaifu kabla mtambo haujazirudia, na kwa kiredio chake cha nyumbani alimsikia Dama kwa mbali, lakini betri ya kiredio hicho ilikuwa imeishiwa nguvu, kusikia kilisikia, akibonyeza kusema kinazima. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano kasorobo. Akaita moja kwa moja kwa antena yetu ya paa, bila ripita, na Dama akaitika papo hapo, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, ambayo sasa niliitambua. Nilitema hamri kwenye kiganja changu.

Dama hakulalamika. Alisema mwanamke anaitwa Jumwa amejifungua alfajiri, mtoto mzima, lakini damu ya mama haikatiki, na chupa ya mwisho ya maji ya mshipani imekwisha, na ameshaanza kupoa mikono. Abu akanitazama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema, "Simu ni zako. Piga hospitali, kisha niitie Lali." Lali alikuwa nahodha wa mashua ya injini ya hoteli, ile ya kuwapeleka wageni kuvua, na alikuwa hatua kumi kutoka hapo, jikoni, ameshapakuliwa biriani. Niliita jina lake kupitia kidirishani mara moja. Aliinuka na kuiacha sahani, hakuuliza kwa nini mpaka alipokuwa ameshatoka, na meneja akasema wafunge mashua nyuma ya gari waiburute mpaka mahali barabara ilipozama. Abu akampa Lali kiredio kingine cha mkono, chenye betri nzima, kutoka chumba cha mafundi, akapanda naye garini. Nikabaki peke yangu katika kile chumba, redio upande huu, daktari kwenye simu upande huu.

Ripita ilipofunguka niliwasikia wenzangu wakijiandaa kuanza. Nikabonyeza nikasema kuna mama anatokwa na damu ng'ambo ya Sabaki, njia ya kusikilizana na zahanati na mashua pamoja ni hii moja, tafadhalini. Nikaachia. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu wa Bofa, wa Tezo, wa Mariakani, wajukuu, wote walikuwapo, nao hawakuondoka, kwani baadaye kila mmoja aliniambia alikaa mbele ya redio na familia yake mpaka mwisho, chakula cha sikukuu kinapoa. Basi nikafanya kazi niliyoijua. Daktari aliniambia, nami nikamwambia Dama: msugue tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, usiache. Nikaachia, nikahesabu. Dama akajibu. Nikampelekea daktari. Mweke mtoto anyonye, hata kama mama hana nguvu, mshikieni. Nikaachia, nikahesabu. Inueni miguu yake. Hakikisha amekojoa. Kila neno lilipanda Mangea likateremka ng'ambo ya mto. Watu wanne walimbeba Jumwa kitandani kuelekea mtoni, na Lali alipoingia majini, chini kule kwenye bonde ambako redio yangu ya hoteli isingemwona kamwe, nilimsikia kama yuko ujia wa jikoni. Alisema maji ni mekundu, kuna magogo, anapanda juu kidogo kisha atajiachia. Muda mrefu hakusema tena. Nilimwomba Mungu kwa majina yote niliyoyajua. Kisha akasema, "Naliona shuka lao jeupe. Nafika." Baadaye kidogo ilikuwa sauti ya Abu kutoka ukingo wetu: "Yuko garini. Anapumua. Mtoto yupo na Dama yupo."

Jumwa alipona. Alikaa hospitali siku nyingi, akaongezewa damu, akarudi kwake. Mie sikupona haraka hivyo. Dama alikuwa na daftari la zahanati ambamo aliandika kila mara alipoita na saa yake, na aliponionyesha, si kwa ubaya, ni vile nilimwomba, niliona mara tisa kabla ya jibu la kwanza. Dakika thelathini na tano. Nilimjua kila mtu aliyekuwa akisema katika dakika zile, na aliyesema zaidi ya wote ni mie. Nikafungua redio yangu ukutani, nikazikunja waya zake, nikampelekea Abu kwenye chumba cha mafundi na kile kibali juu yake. Alikuwa akila mkate wa kumimina kwa chai. Akatazama kifurushi, akasema, "Sichukui." Nikamwambia sifai, nina mdomo. Akatafuna mpaka akameza. "Tafuta mwingine basi anayejua dakika thelathini na tano ni ndefu kiasi gani," akasema. "Huyo ndiye ataongoza kikao cha saa kumi. Mimi namjua mmoja tu." Kisha akanikatia kipande cha mkate. Kilikuwa cha moto na nilikila nikilia, na yeye akarudi kwenye chai yake, na kwa mara ya kwanza sikuona kuwa hana adabu.

Niliongoza kikao kile cha saa kumi miaka mingi kuliko niliyoishi kabla yake. Hatukukataza salamu, maana hakuna aliyewazia kwamba watu wa huku wataishi bila salamu. Tulizipanga tu: mtu anasalimu, anaachia, kimya kinapita, mwingine anaingia. Mwanzoni kilikuwa kinatuwasha kile kimya. Wa Mariakani aliniita Moja-Mbili-Tatu mpaka alipofariki, hata sokoni alinipigia kelele kwa jina hilo. Lakini baada ya muda tukaanza kusikia waliokuwa wakikwaruza: mchungaji wa mifugo aliyekwama na gari bara, mwalimu wa kike aliyetaka dawa ya nyoka, kijana wa Tezo aliyejifunza redio peke yake akawa anatuita wiki nzima tusimsikie. Simu za mkononi zilipokuja wengi walisema sanduku la Mangea sasa ni la kufugia nyuki. Abu aliendelea kubadilisha betri. Na mafuriko ya karibuni hapa, minara ya simu ilipokufa siku mbili nzima, wale vijana wa uokoaji wa kata walikuja kwangu na viredio vya mkono vipya kabisa wakaniuliza kama ripita ya wazee bado inaitika. Niliwaambia ijaribuni. Nilimpigia Abu jioni, alikuwa ameshaanza kuumwa, nikamwambia vijana wameitumia siku mbili na haikukwama. Akasema, "Wameacha nafasi?" Nikamwambia wameacha. Akasema vizuri, akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Lakini kuna jambo moja la mwaka ule ambalo Abu hakulijua, wala sikulisema kwenye matanga. Maji yalipopungua na barabara kuwekewa mawe, nilimwomba Dama anipeleke kwa Jumwa. Tulikwenda asubuhi, mie nimebeba unga, sukari na leso mbili. Njia nzima Dama alinisihi nisiseme lolote, mwanamke kapona, mtoto anakua, ya nini kumpa habari ya kumchoma. Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba nisiposema, kila nitakapobonyeza kile kitufe nitamwona. Tulimkuta uani, mbele ya jiko la mawe matatu, mwembamba, kanga imefungwa kifuani, mtoto mgongoni, anasonga sima. Umri wake kama wangu. Akatukaribisha, akatupa kigoda na mkeka, tukasalimiana kikwetu na kikwao mpaka salamu zikaisha. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpango, tangu saa nne na dakika kumi, na kuhusu mkwaruzo, na lile neno langu la samaki, na mahamri. Sikujitetea kwa Idi. Nikasema, "Nimekuja kukuomba radhi."

Jumwa aliipua sufuria, akaiweka chini. Akasema, "Nilikuwa nawasikia. Ile redio Dama aliiweka karibu na kichwa changu. Mlikuwa mnacheka." Nikasema ndiyo, tulikuwa tunacheka. Akakaa kimya, kirefu kuliko kimya chochote nilichowahi kuhesabu hewani, nami sikuthubutu kukijaza. Dama alikuwa akitazama kuku. Halafu Jumwa akafungua fundo la kanga begani, akamzungusha mtoto mbele, akamtazama usoni, akaniletea. "Basi mshike huyu," akasema. "Sijatia kitu tumboni tangu asubuhi." Akaniwekea mikononi, mzito, wa moto, amelala. Yeye akapakua sima na mboga yake ya mchunga, akaketi kwenye kigoda akiwa amenipa mgongo, akala polepole mpaka ikaisha, na hakugeuka hata mara moja kumtazama mtoto.